Simu ya Kusema na Watu Wasiosikia

Mwezi huu nataka tujifunze habari za chombo ambacho karibu kila mmoja wetu anacho mfukoni au mkobani, nacho ni simu. Wengi hudhani kwamba simu ilibuniwa na wafanya biashara waliotafuta faida ya upesi, au na majemadari waliotaka kuamuru vita kutoka mbali. Sivyo. Ilitokana na kazi ya mwalimu mmoja aliyewafundisha viziwi kusema. Tena jambo la kushangaza ni hili, kwamba hao viziwi ndio waliokaa muda mrefu kuliko watu wote bila kufaidiwa nayo. Nitaeleza kwa taratibu, na karibu na mwisho nitasema habari za kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifanya niandike somo hili.

Kwanza jina lenyewe. Neno simu lilitoka katika lugha ya Kiajemi, ambamo maana yake ni fedha, tena ni waya. Hapo kale watu wa pwani waliposema simu, walikuwa na maana ya habari zipelekwazo kwa waya kwa ishara za kugonga, yaani telegrafu. Kilipokuja chombo cha kupeleka sauti, wakakiita simu ya kusema, ili kisichanganywe na kile cha kwanza. Siku hizi twasema simu tu, nasi twashika mkononi kitu kisichokuwa na waya na kukiita waya.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, nami nitaanzia machungani. Tulipokuwa watoto wachunga ng'ombe, tulikuwa tukikata vipande viwili vya mwanzi wa ulanzi, vilivyo wazi pande zote mbili. Upande mmoja wa kila kipande tuliufunika kwa ngozi nyembamba ya kibofu cha mbuzi, tukaikaza kama mtu awambavyo ngoma. Katikati ya ngozi tulitoboa tundu dogo, tukapitisha uzi wa katani na kuufunga fundo kwa ndani. Kisha mwenzangu alikwenda ng'ambo ya kijito, tukauvuta uzi hata ukakazika, nami nikasema ndani ya mwanzi, "Kamwene!" Naye alisikia, ingawa nilisema kwa sauti ya chini. Lakini uzi ukilegea, au ukigusa kichaka, hasikii neno.

Katika mchezo huo wa watoto imo nusu ya elimu ya simu. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtu asemapo, hewa iliyo mbele ya kinywa chake hutikisika, nayo huitikisa ngozi; ngozi huuvuta na kuulegeza uzi; na uzi huitikisa ngozi ya upande wa pili, nayo huitikisa hewa iliyo katika sikio la msikilizaji. Walakini mtikisiko huchoka njiani. Hatua hamsini waweza kusema, labda na mia, bali si toka Igwachanya hata Njombe. Ndiyo sababu kazi ya uzi ilipaswa kupewa kitu kisichochoka upesi, nacho ni umeme.

Mtu aliyefaulu kufanya hivyo aliitwa Alexander Graham Bell. Alizaliwa katika mji wa Edinburgh, nchi ya Scotland, tarehe 3 Machi 1847. Mama yake alikuwa karibu na kuwa kiziwi kabisa. Watu wengine walisema naye kwa kupiga kelele katika mrija wa kusikilizia, lakini kijana huyu alikuwa akiinama karibu na kipaji cha uso wa mamaye na kusema polepole kwa sauti nzito, naye mama alimsikia kwa mtikisiko uliopita katika mifupa. Baba yake alikuwa mwalimu wa matamshi, aliyebuni alama za kuandika jinsi ulimi, midomo na koo vinavyokaa katika kila sauti ya mwanadamu. Ndugu zake wawili walikufa kwa kifua kikuu, mmoja mwaka 1867 na wa pili mwaka 1870. Hapo wazazi wakaogopa kwamba wa tatu naye atawatoka, wakahamia Kanada pamoja naye. Mwaka 1871 Bell akaenda Boston, katika Marekani, kuwafundisha watoto viziwi kusema kwa alama za babaye.

Angalieni sasa jambo alilolifanya mwaka 1874. Alitaka watoto wake wa shule waweze kuiona sauti yao, maana hawakuweza kuisikia. Rafiki yake, tabibu wa masikio, akampa sikio la mtu aliyekufa, lenye ngozi yake ya ndani na vifupa vyake. Bell akafunga unyasi mwembamba kwenye vifupa hivyo, na chini yake akaweka kioo kilichopakwa masizi. Aliposema ndani ya lile sikio, ngozi ilitikisika, unyasi ukachora mawimbi juu ya masizi. Watu wengine wangeona haya kuwa ni mambo ya kutisha. Yeye aliona neno moja kubwa: ngozi ya sikio ni nyembamba kama karatasi laini, hata hivyo yaweza kusukuma mifupa iliyo mizito kuliko yenyewe. Basi akajiuliza, kama ngozi ndogo hii yasukuma mfupa, kwa nini ngozi kubwa zaidi isisukume kipande cha chuma mbele ya sumaku?

Swali hilo ndilo chanzo. Maana ilikuwa imejulikana tangu zamani kwamba chuma kikisogea karibu na sumaku iliyozungushiwa waya, umeme huamka ndani ya waya. Ukitikisa chuma hicho kwa sauti, umeme huongezeka na kupungua sawasawa na sauti hiyo. Upande wa pili umeme huo hupita katika waya uliozungushwa juu ya sumaku nyingine, nayo huvuta na kuachilia bamba jembamba la chuma, na bamba hutikisa hewa. Hivyo si sauti inayosafiri katika waya, ila ni mfano wa sauti. Waya wenyewe hautikisiki kama uzi wetu wa katani, wala huna haja ya kuukaza. Waweza kuzunguka kichaka upendavyo.

Bell alikuwa na msaidizi, fundi kijana jina lake Thomas Watson. Tarehe 2 Juni 1875 walikuwa wakijaribu chombo cha telegrafu cha kupeleka habari nyingi kwa waya mmoja. Ulimi mmoja wa chuma ulinasa, Watson akaukwanyua kwa kidole, na Bell katika chumba kingine akasikia mlio wake wenyewe, si kugonga tu. Toka siku hiyo alijua kwamba njia ipo. Tarehe 14 Februari 1876 maandiko yake yalipelekwa katika ofisi ya serikali ya kulinda haki za wavumbuzi, naye akapewa hati tarehe 7 Machi. Siku tatu baadaye, tarehe 10 Machi 1876, alimwita Watson kwa chombo hicho, kwamba aje, anataka kumwona. Watson akaja kutoka chumba kingine, akamwambia maneno yote aliyoyasikia.

Hapa yafaa tuwe na haki, maana wako wengine wenye sehemu katika kazi hii. Siku ile ile ya 14 Februari, Elisha Gray naye alipeleka katika ofisi ile ile maelezo ya chombo chake cha kupeleka sauti. Muitalia mmoja aliyekaa karibu na New York, Antonio Meucci, aliandikisha taarifa ya chombo cha namna hii mwaka 1871, lakini umaskini ulimshika, na mwaka 1874 hakuweza kulipa ada, taarifa yake ikafa. Mwaka 2002 baraza la wawakilishi la Marekani lilitoa azimio la kumheshimu. Tena alikuwako Philipp Reis, mwalimu wa shule katika Ujerumani, aliyeonyesha chombo chake mbele ya wataalamu wa Frankfurt mwaka 1861. Husimuliwa kwamba alichagua maneno ya kipuuzi, kama vile farasi hali kachumbari ya matango, ili msikilizaji asiweze kubahatisha. Chombo chake kilipeleka nyimbo vizuri kuliko maneno. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1874, umri wake miaka 40, wala hakupata faida yo yote. Kesi za kubishania haki za Bell zilikuwa mamia, na mwaka 1888 mahakama kuu ya Marekani ilimpa yeye ushindi. Mimi nasema, mahakama yaweza kuamua nani mwenye hati. Bali nani aliyebuni, hilo ni neno la watu wengi.

Nirudi kwa Bell na viziwi wake. Katika Juni 1876 palikuwa na maonyesho makubwa ya vyombo katika mji wa Philadelphia. Bell alikaa pembeni na meza yake, siku ikawa ya joto sana, na waamuzi walikuwa wamechoka. Lakini pamoja nao alikuwako Dom Pedro, mfalme wa Brazili, ambaye siku chache nyuma alikwenda Boston kutazama shule ya viziwi na kuonana na Bell huko. Alipomwona akamtambua, akaja kumsalimu, na waamuzi wote wakamfuata mfalme. Alipoweka chombo sikioni na kusikia maneno, alistaajabu sana, na toka hapo jina la simu likaenea. Basi mfalme asingalimjua kama si kwa ajili ya wale watoto.

Mkewe pia, Mabel Hubbard, alikuwa kiziwi tangu umri wa miaka mitano kwa ajili ya ugonjwa wa homa. Alikuwa mwanafunzi wake kwanza. Walioana tarehe 11 Julai 1877, na Bell alimpa karibu hisa zake zote za kampuni ya simu kuwa zawadi ya arusi, akajibakizia kumi tu. Hivyo mmoja wa wenye mali nyingi kuliko wote katika chombo cha kusikilizia alikuwa mwanamke asiyesikia.

Baada ya hayo simu ilienea upesi, nami sitakawia hapa. Mwaka 1877 ilianza kutumika Berlin, kwa amri ya mkuu wa posta Heinrich von Stephan. Tarehe 28 Januari 1878 katika mji wa New Haven ilifunguliwa nyumba ya kuunganishia simu, yenye watu 21 walioandikishwa. Mtu aliyetaka kusema na mwenzake alimwambia kwanza mwunganishaji, naye ndiye aliyeziunganisha waya zao kwa mkono. Waunganishaji wa kwanza walikuwa vijana wanaume, wenye matusi na mizaha, hata mwaka huo huo katika Boston wakaanza kuwekwa wanawake. Liko na jambo la kuchekesha. Katika Kansas City alikuwako mwuza majeneza, Almon Strowger, aliyeshuku kwamba mwunganishaji wa mji anawapeleka wafiwa wote kwa mshindani wake. Kwa hasira alibuni chombo cha kuunganisha simu chenyewe bila mtu, akapata hati yake mwaka 1891. Sisi tunaozika kila juma tunafahamu kwamba habari za msiba ni biashara kwa wengine.

Huku kwetu mambo yalikwenda polepole. Zanzibar ilipata waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden mwaka 1879, katika siku za Sultani Barghash. Mwaka 1899 Mwingereza Cecil Rhodes alikwenda Berlin kumwomba Kaisari ruhusa ya kupitisha waya wake wa telegrafu katika nchi hii, maana alitaka uende toka kusini ya Afrika hata Misri. Waya huo ulipita Karonga, ukafika Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, ukakoma hapo. Simu za kusema zilikuwako katika Dar es Salaam na Tanga kabla ya vita ya 1914. Wakati huo wamisionari wa Berlin, waliofika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891 na baadaye wakaja Ubena, walituma barua zao kwa wachukuzi wa miguu. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, misheni ya Yakobi ilishambuliwa, na watu wa siku zile walitegemea miguu ya mtu ipeleke habari kutoka kilima hata kilima.

Nilipokuwa kijana mdogo, baba mdogo alinichukua tukaenda mjini kupiga simu ya Dar es Salaam. Simu ilikuwa ya meza, yenye mpini wa kuzungusha. Tuliandikisha namba asubuhi, tukaketi kwenye benchi hata saa tisa. Zamu yetu ilipofika, baba mdogo alipiga kelele kana kwamba anaita ng'ombe, na watu wote wa benchi wakajua kwamba shangazi ana deni. Wengine walitumia redio koli za hospitali za misheni, ambazo nazo husikiwa na kila mwenye chombo. Hapakuwa na siri. Simu za mkononi zilianza katika Tanzania mwaka 1994, mijini. Vijijini kwetu minara ilikuja miaka mingi baadaye. Kisha mwaka 2008 watu wakaanza kutumiana fedha kwa simu, kama Kenya walivyoanza mwaka 2007, na hapo hata mabibi wakanunua.

Sasa nasema habari ya kosa. Katika mtaa wetu yuko fundi cherehani asiyesikia tangu utoto. Alisoma shule ya viziwi, anajua kusoma na kuandika, tena anashona kanzu na suti za kwaya. Mwaka 2011 mama yake alifariki katika kijiji kingine, usiku. Mimi nilikuwa mchungaji kijana, nami nilikuwa na simu mfukoni. Nikapiga simu kwa wazee wa kanisa, kwa wainjilisti, kwa mwenye gari, kwa watu wa kwaya. Nilihesabu baadaye, walikuwa watu kumi na wanne. Kila mmoja wetu alidhani mwingine amempelekea fundi habari. Hakuna aliyekwenda. Siku ya tatu alikuja kwa miguu kumletea mama yake kitenge, akakuta udongo umekwisha kurundikwa. Hakunipigia kelele. Alichukua kijiti akaandika chini, mbele ya mlango wangu, "Mlikuwa mnaongea wote."

Toka siku hiyo nilianza kusoma habari za Bell, nikidhani nitapata kwake la kunifariji. Sikupata. Maana mtu huyu, aliyewapenda viziwi na kuishi nao nyumbani mwake, aliwataka wawe kama watu wanaosikia. Mwaka 1880 mkutano wa walimu katika Milano uliamua kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa matamshi, wala si kwa ishara za mikono, naye Bell alikuwa wa upande huo. Mwaka 1883 alisoma mbele ya wataalamu maandiko ya kuonya juu ya viziwi kuoana wao kwa wao. Watoto wengi katika nchi nyingi walifungiwa mikono, wakakatazwa lugha yao, kwa ajili ya mawazo ya namna hiyo. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Nasema kwamba alitazama sana masikio yao, asitazame mikono yao.

Aliyewapa viziwi simu alikuwa mwenzao. Mwaka 1964 Robert Weitbrecht, Mmarekani, mtaalamu wa fizikia ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi, alipata njia ya kuunganisha mashine ya kuandika na simu ya kawaida, hata mtu akapiga herufi hapa na kule zikachapwa. Ilikuwa miaka 88 baada ya Bell kumwita Watson. Na tarehe 3 Desemba 1992, katika Uingereza, ujumbe mfupi wa kwanza wa maandishi ulitumwa kwenye simu ya mkononi. Watu wengi waliuona kuwa kitu kidogo. Lakini kwa mtu asiyesikia, siku hiyo ndiyo siku ya simu.

Katika usharika wetu tumekubaliana hivi, nanyi wainjilisti mwaweza kulitazama jambo hili katika mitaa yenu. Habari za msiba, za mkutano, na za mabadiliko ya ibada huandikwa kwa ujumbe, kisha ndipo hupigwa. Kila mwinjilisti anayo orodha ya wasiosikia, na ya wazee wasiojua kusoma, na jina la jirani atakayekwenda kwa miguu kwa kila mmoja wao. Imetugharimu daftari moja.

Fundi naye amenunua simu yenye kioo cha picha. Lugha ya ishara mara nyingi yataka mikono miwili, kwa hiyo ni vigumu kushika simu na kuongea. Nilipopita kwake juma lililopita kuchukua suruali, aliisimamisha simu juu ya cherehani, imeegemezwa kwenye bobini ya uzi, akiongea na mwenzake aliyesoma naye, ambaye sasa yuko mkoa mwingine. Duka lilikuwa kimya kabisa, nao walikuwa wakicheka hata machozi yakamtoka. Nilisimama mlangoni nikangoja wamalize.